Maswali Yenu: Johnny Mercer, Mtu wa Savannah Alieandika Maneno Yanayoimbwa Mpaka Leo

Assalam aleikum wasomaji. Toleo lililopita niliandika vipande vichache tu kuhusu Johnny Mercer, Mmarekani wa Savannah jimbo la Georgia, mtu ambae kazi yake ilikuwa kuandika maneno ya nyimbo, na kumbe nimegusa watu wengi manake ujumbe uliokuja kwenye simu ya gazeti na barua za mkono zilizoletwa hapa ofisini Lamu ni mwingi kuliko tulivozoea. Wengine wanauliza ya mtu mwenyewe, wengine wanauliza ya utunzi, na vijana wanaotunga nyimbo za harusi wao wanauliza ya pesa. Nimechagua maswali yanayobeba na mengine ndani yake, twende.

*Shikamuu. Mimi nafanya kazi kwenye gesti hapa Langoni na kila msimu wa kasikazi kuna wageni wazee wakikaa juu darini jioni wanaimba Moon River. Nikauliza ni ya nani, mmoja akasema ya Andy Williams, mwengine ya Audrey Hepburn, mwengine ya Mancini. Na wewe umesema ya Mercer. Hebu nieleze ni ya nani hasa? (Kijana wa Langoni, Lamu)*

Marahaba mwanangu. Wageni wako wote wamesema kweli nusu nusu. Wimbo ulitungwa kwa ajili ya filamu ya Breakfast at Tiffany's iliyotoka 1961, na alieuimba ndani ya filamu ni Audrey Hepburn, amekaa dirishani na gitaa lake. Mahadhi ni ya Henry Mancini. Hepburn hakuwa muimbaji wa kusomea, sauti yake ilikuwa na kiwango chake, kwa hio Mancini akatunga mahadhi yasiyopanda sana wala kushuka sana ili bibi yule ayaweze, na mwenyewe alisimulia kuwa alikaa kama mwezi mzima akifikiria alafu akayaandika kwa nusu saa. Andy Williams ndo alieubeba wimbo baadae mpaka ukawa kama wake, watu wakimuona tu wanautaka huo. Sasa katikati ya wote hao kuna Mercer, alieandika kila neno linalotoka mdomoni mwa Hepburn na mwa Williams na mwa wageni wako pale darini.

Inasimuliwa pia kuwa filamu ilipoonyeshwa kwa majaribio, bwana mmoja mkubwa wa studio alitaka wimbo ukatwe, na Hepburn akakataa katakata. Mwaka uliofuata wimbo ukachukua Oscar, ile tuzo kubwa ya filamu huko Marekani. Fikiria ungekatwa.

Na mimi nitalisema hili wazi kwa sababu linaniuma miaka yote: hata huku kwetu ni hivo hivo. Mtu akicheza kanda ya Juma Bhalo atakwambia huyu Juma Bhalo, sawa, lakini maneno mengi aliyoyaimba yalitungwa na binamu yake Ahmad Nassir, malenga wa Mombasa, na ukiuliza watu kumi barazani ni wangapi watakaolitaja jina la Ahmad Nassir? Sauti inasifiwa, udi unasifiwa, marehemu Zein l'Abdin mzaliwa wetu wa hapa hapa Lamu anasifiwa kwa vidole vyake na ni haki yake kabisa, lakini yule aliekaa usiku na kalamu anasahaulika upesi. Ndo maana napenda kumzungumza Mercer, kwa sababu yeye alikuwa mtunzi wa maneno na watu wakamjua.

*Savannah ni mji wa namna gani? Na huyu Mercer alikuwa mzungu au mweusi? Nimesikiza nyimbo zake mbili tatu YouTube naona lugha yake kama ya watu weusi wa Marekani. (Mwalimu wa sekondari, Malindi)*

Alikuwa mzungu, mwalimu wangu, tena wa familia ya watu wenye nacho. Alizaliwa 18 Novemba 1909. Savannah ni mji wa bandari wa zamani, uko kando ya mto karibu na bahari, umezungukwa na vinamasi vya maji ya chumvi ambavyo maji yakijaa vinafunikwa na yakipwa matope yanabaki wazi, na familia yao ilikuwa na nyumba nje ya mji pembeni ya maji ambako watoto walikwenda msimu wa joto, wakiogelea, wakivua, wakichuma matunda madogo ya porini. Mtu wa Lamu akisoma habari za utoto wake hahitaji kuelezwa sana. Hayo matunda ya porini yamo ndani ya Moon River, na mto ule ulioko pale karibu na nyumba yake ulikuja kubadilishwa jina ukaitwa Moon River kwa heshima ya wimbo. Yaani mto umeitwa kwa wimbo, si wimbo kwa mto.

Sasa ya lugha. Amekulia kusini ya Marekani wakati wa ubaguzi wa sheria, shule mbali mbali, viti mbali mbali, makanisa mbali mbali. Lakini waliomlea nyumbani na waliofanya kazi pale walikuwa watu weusi, na pwani ile ya Georgia ina watu weusi wenye lugha yao maalumu, Wagullah ambao huko Georgia huitwa pia Wageechee, watu waliohifadhi mengi ya Afrika katika usemi wao. Mtoto Johnny aliwasikia wakisema, akawasikia wakiimba, akapita nje ya makanisa yao, na alipokuwa kijana alikwenda kwenye duka la mtaa wa watu weusi kununua rekodi za wasanii weusi. Hio ndo iliyokuwa shule yake ya muziki, manake ya darasani hakuwa nayo kubwa, hata kusoma nota hakuwa hodari.

Haki isemwe lakini. Yeye aliweza kuingia na lugha ile Broadway, kwenye maonyesho ya jukwaani ya New York, na Hollywood ya filamu, kwa mlango wa mbele, na wenye lugha yao wengi walifungiwa. Mimi simpunguzii kipaji kwa hilo, na nadhani aliipenda lugha ile kwa dhati, inasikika. Ila anaefundisha watoto habari zake afundishe na hili, wanafunzi wako mwalimu wataelewa vizuri tu.

*Asalam aleikum. Mimi natunga mashairi tangu nko madrasa. Kuna kijana mpiga kinanda ametunga mahadhi ya taarabu ya kisasa na amenipa nimtilie maneno, na mimi nimezoea mizani zangu nane kwa nane na vina vyangu, sasa maneno hayaingii, yananishinda, nakaribia kumrudishia. Jee huyo Mercer alianza na maneno au na mahadhi? (Msichana wa Shela)*

Wa aleikum salaam dadangu. Usimrudishie. Hili ndo swali nililokuwa nalisubiri na nitakaa nalo.

Mercer mara nyingi alianza na mahadhi. Mtunzi wa muziki anakuja na kipande chake, anakaa kwenye piano, na Mercer anamwambia piga, piga tena, piga tena, na yeye kajilaza kwenye kochi macho kayafumba, ukimuona utasema kalala. Harold Arlen, mmoja wa wenzake wakubwa, alieleza hivo. Kumbe anasikiza mahadhi yenyewe yanasema nini, ni ya huzuni, ni ya mtu anaetembea peke yake, ni ya kutania. Alafu anaondoka nayo kichwani, anakaa siku, wiki, wakati mwengine miezi. Wimbo wa Skylark mahadhi yake yalikuwa ya Hoagy Carmichael na Carmichael alisubiri miezi mingi sana, mpaka maneno yakaja, na yalipokuja ni kama yalizaliwa pamoja na muziki. Laura ilikuwa hivo hivo, mahadhi yalikuwa kwenye filamu tayari, ya David Raksin, filamu imetoka 1944 watu wameshaupenda muziki bila maneno, ndo Mercer akaitwa atie maneno, na akayaandika kama vile yule mwanamke anaetajwa ni uso uliouona mara moja ukakupotea, bila kusimulia hadithi ya filamu hata kidogo. Na ile Autumn Leaves ilikuwa wimbo wa Kifaransa, muziki wa Joseph Kosma na shairi la Jacques Prévert, Mercer akaandika maneno ya Kiingereza juu ya mahadhi yale yale, machache kabisa, na akanyamaza. Wimbo ule ni mfupi mno na hakuna anaetamani uongezwe.

Kitu kimoja alichokifanya ambacho nakuomba ukifanye: hakuandika mstari mmoja akauganda. Aliandika mistari mingi kwa mahali pamoja, anaijaza karatasi, kisha anachagua. Na alikubali kuchaguliwa. Walipokuwa wakitunga Blues in the Night mwaka 1941 yeye na Arlen, Mercer alileta karatasi zake, na mwanzo wa wimbo Arlen aliona haushiki. Akapekua karatasi, huko ndani akakuta mstari unaosema kitu kama mamangu alinambia, akamwambia huu utoe huko uulete juu kabisa. Ndo mstari ule unaoufungua wimbo mpaka leo, kila mtu anaujua, na ungebaki huko chini isingekuwa jicho la mwenziwe. Kwa hio mkae nyote wawili, wewe na huyo mpiga kinanda, na karatasi zako zote, hata zile unazotaka kuzitupa.

Sasa ya mizani. Wewe una bahati ambayo Mercer hakuwa nayo. Silabi zetu karibu zote zinaishia kwa irabu, na irabu ndo inayovutika sauti ikirefuka. Yeye kwa Kiingereza alihangaika kutafuta neno litakaloishia na sauti iliyo wazi pale muimbaji anaposhika nota ndefu, manake nota ndefu juu ya konsonanti ni kumkaba muimbaji koo. Wewe fanya hivi: yachukue mahadhi uyaimbe kwa la la la tu, bila maneno, mara nyingi, mpaka yakuingie. Hesabu la zako kila kipande. Utakuta hazitoki nane, pengine zitatoka tano alafu saba alafu tano, sawa, hio ndo mizani yako ya wimbo huu, ikubali kama ulivyoikubali ile ya madrasa. Kisha utie alama pale sauti inaporefuka, na hapo ujitahidi pawe na a au o, ile i na u zikirefushwa juu sana zinabana. Na uangalie mkazo wa neno. Sisi tunakaza silabi ya pili kutoka mwisho, tunasema mapenzi na mkazo uko kwenye pe, sasa kama pigo zito la ngoma linaangukia kwenye ma, msikilizaji anasikia kitu kimekwenda kombo hata kama hajui ni nini. Sogeza, ongeza silabi mbele, sema na mapenzi, au ya mapenzi, utaona linakaa.

Vina usiviache lakini usiviruhusu vikutawale. Mercer alikuwa bingwa wa vina, tena vina vya ndani kwa ndani, lakini hakuna wimbo wake mzuri ambao unasikia kuwa neno limeletwa kwa ajili ya kina tu. Na jambo la mwisho kwako, andika kwa maneno ya Shela. Yeye hakujifanya mtu wa New York. Alitia matunda ya kwao, treni za kwao, usemi wa waliomlea, na dunia ikamfuata huko huko. Wewe una bamvua, una kusi na kasikazi, una Matondoni na vyombo vinavyochongwa, una mikoko. Sioni kwa nini wimbo wa taarabu wa mtu wa Lamu uwe na maua ya waridi pekee kila ubeti.

*Huyu jamaa alipata pesa ama alikufa maskini kama watunzi wetu? Mimi naimba kwenye mahoteli hapa Malindi na natunga mwenyewe. (Muimbaji, Malindi)*

Alipata, kaka, na alipata kwa sababu mbili. Kwanza Marekani walikuwa na chama cha kuwakusanyia watunzi pesa zao tangu 1914, kinaitwa ASCAP, wimbo ukipigwa redioni au ukumbini mtunzi wa mahadhi na mtunzi wa maneno wote wanapata mrabaha wao. Pili alikuwa na akili ya biashara. Mwaka 1942 yeye na wenzake wawili, Buddy DeSylva wa filamu na Glenn Wallichs aliekuwa na duka la rekodi, walianzisha kampuni ya rekodi huko Los Angeles, Capitol Records. Na angalia walianza lini! Vita vya pili vya dunia vimepamba moto, ile malighafi ya kutengenezea sahani za santuri ilikuwa adimu, na mwezi wa nane mwaka huo huo chama cha wanamuziki kikagoma, hakuna kurekodi. Wakapenya hivo hivo. Ndani ya kampuni hio ndo muimbaji Nat King Cole alipochanua, na 1955 ikauzwa kwa EMI ya Uingereza.

Kwako wewe nasema hivi. Sheria yetu ya hakimiliki inakulinda, kazi yako ni yako maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako watoto wako wanaendelea nayo. Lakini sheria hailindi kisichojulikana. Andika maneno yako tia tarehe, na ukimpa mtu maneno aimbe andikianeni hata karatasi moja nani kafanya nini na mtagawana vipi, tena kabla ya kwenda studio, kishapo ndo mrekodi. Watu wa pwani tunaoneana haya sana kwenye hili, mtu anahisi akitaja makubaliano amemvunjia mwenziwe heshima, na wimbo ukishika ndo ugomvi unaanza na urafiki unakwisha. Heshima ni kuandikiana mapema.

*Umesema toleo lililopita kwa neno moja tu kuwa Mercer alilipa deni la babake. Hebu tueleze sawasawa. (Mama wa Mambrui)*

Ee mamangu, hili ni la kueleza. Babake alikuwa na biashara ya ardhi na nyumba pale Savannah, watu wa mji wakimuwekea pesa zao kwa kuwa walimuamini. Mwaka 1927 biashara ikaanguka, na deni likapita dola milioni moja. Johnny alikuwa kijana wa miaka kumi na saba, alikuwa apelekwe chuo kikuu cha Princeton, pesa hakuna tena. Ndo 1928 akaenda New York kutafuta maisha, akacheza michezo ya kuigiza sehemu ndogo ndogo, akala taabu, na 1930 wimbo wake wa kwanza ukaingia kwenye onyesho la Broadway, na hapo hapo kwenye onyesho lile ndo alipomuona Ginger, aliekuja kuwa mkewe mpaka yeye Mercer alipokufa.

Babake akalipa alichoweza mpaka akafa 1940, na deni likabaki. Kisheria Johnny hakuwa na wajibu wowote. Lakini 1955, miaka karibu 28 tangu biashara ianguke, aliandika cheki ya dola laki tatu akaipeleka Savannah ilipwe kwa wale waliobaki wanadai. Laki tatu za wakati ule! Sisi tunajua kuwa mali ya maiti haigawiwi mpaka deni lake lilipwe, tumefunzwa tangu watoto, na mimi nikisoma kisa hiki cha mtu asie wa dini yetu wala nchi yetu napata heshima kubwa kwake, wallahi zaidi kuliko zile Oscar zake nne.

Nisimpambe kupita kiasi lakini, manake wasomaji wetu si watoto. Alikuwa mlevi, na akilewa ulimi wake unageuka, anatukana marafiki, anawaumiza watu hadharani. Asubuhi yake anatuma maua kuomba radhi. Waliomjua wameyasema haya wazi wazi. Mtu yule yule alieandika maneno laini vile. Mkewe na watoto wake ndo walobeba hayo, si sisi tunaosikiza.

*Jee hakuwa anaiba maneno ya watu wadogo? Mastaa wengi huiba. (Msomaji wa Mokowe)*

Kisa kimoja kitakutosha. Mwaka 1957 bibi mmoja wa Youngstown jimbo la Ohio, Sadie Vimmerstedt, aliekuwa akiuza vipodozi dukani, alimuandikia barua Mercer akampa wazo la wimbo pamoja na mistari ya kufungulia, habari ya mtu alieachwa anaesema natamani niwepo siku na wewe utakapovunjwa moyo. Mercer akakaa nayo, akaumaliza wimbo, na akamtia jina lake yule bibi kama mtunzi mwenziwe na mapato akagawiwa. Tony Bennett akauimba, I Wanna Be Around, ukavuma sana 1963. Angeweza kuitupa ile barua na mistari akabaki nayo, nani angejua? Kwa hio hapana ndugu, huyu hakuiba.

*Kulikuwa na wanawake watunzi wa maneno enzi hizo? (Bi wa Mkomani)*

Walikuwepo, wachache, na mkubwa wao ni Dorothy Fields. The Way You Look Tonight ni maneno yake, mahadhi ya Jerome Kern, na alipata Oscar ya filamu za 1936, mwanamke wa kwanza kuipata kwa wimbo. Ameandika tangu miaka ya ishirini mpaka anakufa 1974, hajastaafu. Nitamuandikia makala yake peke yake inshallah. Sisi hapa visiwani hatushangai mwanamke kushika kalamu, Mwana Kupona aliandika utenzi wake kwa bintiye katikati ya karne ya 19 na mpaka leo unasomwa.

*Kulipokuja muziki wa rock and roll hawa wazee si waliisha? Na Mercer alikufaje? (Kijana, Malindi)*

Wengi walitikisika, kweli. Redio zikageuka, vijana wakataka bendi zinazojitungia zenyewe, na mtu aliezoea kuandikia waimbaji akaona kazi inapungua. Mercer mwenyewe aliumia, hakuficha. Lakini hesabu vizuri: Oscar yake ya kwanza ni ya wimbo wa treni, On the Atchison, Topeka and the Santa Fe, ya filamu za 1946, ya pili ya 1951, na Moon River ya 1961 na Days of Wine and Roses ya 1962 zimekuja baada ya rock and roll kuingia, mbili mfululizo, mahadhi yote mawili ya Mancini. Hio ya mwisho ina sentensi mbili tu ndefu, wimbo mzima! Nakuomba kaisikize na hili kichwani, uone namna sentensi moja inavyopita nota zote zile bila kukatika.

Mwaka 1969 alikuwa mmoja wa walioanzisha jumba la heshima la watunzi wa nyimbo huko Marekani na akawa rais wake wa kwanza. Akafanya kazi London pia miaka ya sabini, mchezo wa muziki na André Previn. Kisha akapata uvimbe kwenye ubongo, akafa 25 Juni 1976 huko Los Angeles na akarudishwa kwao Savannah kuzikwa, makaburi ya Bonaventure. Karibu na kaburi kuna kiti cha jiwe kimechongwa majina ya nyimbo zake.

*Nianzie wapi kumsikiza? Na yeye mwenyewe aliimba? (Watatu wameuliza hili, wawili Lamu mmoja Malindi)*

Aliimba, tena vizuri, sauti ya kizembe hivi kama mtu anaongea na jirani, na aliwahi kuimba na bendi ya Paul Whiteman na baadae kusikika kwenye redio na bendi ya Benny Goodman. Mtafuteni akiimba Ac-Cent-Tchu-Ate the Positive ya 1944, mahadhi ya Arlen, ina mtindo wa mahubiri ya kanisa la watu weusi, mtafurahi. Mwenye huzuni asikize Skylark, na mwenye usiku mrefu asikize One for My Baby ya 1943, ni mtu yuko baa usiku anamsemesha muuzaji na hamalizi kumueleza kilichompata, na kwa maoni yangu hakuna maneno ya wimbo ya Kiingereza yaliyojizuia vizuri kama yale, habari nzima iko kwenye anachokikataa kusema. Lazybones ya 1933 na Carmichael ndo iliyomtoa, ni nyepesi, sikizeni mkiwa na watoto. Msianze na zile za filamu za cowboy.

Na yule dada wa Shela, ukishatia maneno yako niletee ofisini pamoja na rekodi ya kinanda kwenye simu, ukikubali na mwenzio akikubali tutachapa beti toleo lijalo, majina yenu wote wawili, la maneno na la mahadhi.